Lifti ya Wizara ya Huruma

Kwetu hadithi hazianzi na hapo zamani za kale. Zamani imepigwa marufuku, maana watu walikuwa wakikumbuka bei. Kwa hiyo naanzia hapa hapa tulipo, katika nchi yetu tajiri, ambayo jina lake silitaji kwa sababu za kiusalama. Usalama wangu, si wa nchi.

Nchi yetu ina Wizara ya Huruma. Sijui kama kwenu mnayo. Jengo lake ndilo refu kuliko yote mjini, na ofisi inayohudumia watu wasioweza kutembea iko ghorofa ya tisa, juu kabisa. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa nini imewekwa huko. Waziri, Mheshimiwa Daktari Fumbwe Makanyaga, akamjibu vizuri sana: "Huruma hutoka juu." Sisi tukapiga makofi.

Fundi wa lifti ya jengo hilo alikuwa Sikitu Ngwatu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mdomo. Lifti ilipoanza kulia kama mbuzi, Sikitu alikwenda kumwambia Waziri kwamba waya unaoishikilia umekwisha. Serikali yetu sikivu ikasikia, ikatoa fedha za waya mpya. Fedha zikapitia kwa Bwana Kisanga, shemeji yake Waziri, ambaye hupitiwa na fedha nyingi bila yeye kutaka. Waya uliofika ulikuwa kuukuu, umepakwa rangi ya kung'aa.

"Mheshimiwa," Sikitu akasema, "waya huu ni mzee kuliko mimi."

"Sikitu," Waziri akasema kwa upole, "uzalendo ni kuamini."

Sikitu akaamini, maana mshahara wa mwezi ule ulikuwa haujatoka. Wiki haikuisha. Alikuwa juu ya paa la lifti akipaka grisi, waya ukakatika, lifti ikashuka na fundi wake. Walipomtoa shimoni alikuwa hai, anaongea, anatukana hata. Lakini uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na kuanzia chini ya kifua hakusikia tena kitu.

Waziri alifika hospitali siku hiyo hiyo na wapiga picha. Akasimama kando ya kitanda, akamwekea Sikitu mkono begani na kusema, "Ndugu wananchi, wako waliodai wizara hii haina kazi. Haya, mtazameni huyu!"

*

Mtu aliyevunjika mgongo kwetu hatupwi. Hupelekwa Nyumba ya Upole, ambako serikali humlisha, humvisha na kumlaza bure. Hasa kumlaza. Sikitu alilazwa chali akaachwa chali, kwa kuwa fedha za wageuzaji zilikuwa zimekwenda semina. Ngozi ikafa nyuma ya kiuno, kikatokea kidonda ambacho ungeweza kuingiza ngumi. Jirani yake wa kitanda alikufa kwa kidonda cha aina hiyo, na alipokufa hakufutwa, akaendelea kuhesabiwa. Marehemu wengi wa Nyumba ya Upole bado wanakula nyama kila Jumapili, kwa mujibu wa bajeti.

Sikitu akaamua kutoka. Alitaka chumba chake, mlango wake na ufunguo wake. Mkurugenzi wa Uthibitisho, Bwana Pazi, alipopata habari alikwenda mwenyewe kumtuliza.

"Dada Sikitu, humu ni bure. Huko nje utaishije?"

"Kama nilivyokuwa nikiishi."

"Lakini kuishi ni ghali!"

"Na kufa humu je, bei gani?"

Bwana Pazi akasema swali hilo si la idara yake.

Basi Sikitu akatoka, na hapo ndipo alipojua gharama ya uhuru, ambao wengi wetu tunaufurahia bila hata kuulipia. Ilibidi apange chumba kisicho na ngazi, na vyumba visivyo na ngazi viko kwa matajiri. Ilibidi apate kiti cha magurudumu. Kilipofika bandarini, forodha wakakitoza ushuru wa magari ya kifahari, kwa hoja kwamba mwenye nacho yumo safarini muda wote. Ilibidi apate godoro la hewa lisilochoma ngozi. Forodha wakalibonyeza, wakaliona linaelea, wakalisajili kama boti. Ilibidi apate mipira ya mkojo, maana kibofu chake nacho kilikuwa hakisikii kitu, na bila mpira hakitoki kitu. Forodha wakasoma neno "mipira", wakaitoza kodi ya michezo. Afisa mmoja akamuuliza anachezea timu gani.

Juu ya yote, ilibidi apate mtu wa kumsaidia. Huyo alikuwa Zaituni, mjane wa mtaa wa pili, mwenye mikono ya nguvu na maneno machache. Kila asubuhi Zaituni alimwosha, akamsafisha kidonda, akamwinua na kumketisha kitini. Jioni alirudi kumlaza, akamgeuza. Kazi hiyo haina mfano kwa uzito, na Sikitu alikataa katakata ifanywe kwa shukrani tu. "Shukrani haipiki ugali," alisema. Alimlipa mshahara kwa fedha alizopata kwa kutengeneza pasi, feni na redio za watu, ameinamia meza fupi mchana kutwa.

Serikali ilipoona mwanamke aliyevunjika mgongo anaishi peke yake, tena anamlipa mtu mshahara, ilijua mara moja kwamba huyu ni tajiri. Ikamtoza Kodi ya Kujitegemea. Mtukufu Kiongozi wetu ametuhimiza miaka yote kujitegemea, na jambo jema hivyo haliwezi kuachwa bila kodi.

*

Hata hivyo serikali si katili. Ilikuwapo Posho ya Huruma, ambayo Sikitu alistahili kabisa. Alitakiwa jambo moja tu, apande ghorofa ya tisa kila mwaka kuthibitisha kwamba bado hawezi kutembea.

Lifti, kama mnavyokumbuka, ilikuwa imekufa. Kwa hiyo wizara ilikuwa imeweka wabebaji pale chini, vijana wa kampuni ya Bwana Kisanga, wanaotoza kwa kila ghorofa. Sikitu alibebwa mgongoni kama gunia la mkaa, miguu inaburuta, na kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga kikafunguka tena ghorofa ya tano. Walimbwaga mbele ya meza ya Bwana Pazi. Bwana Pazi akamtazama kwa furaha.

"Dada Sikitu! Umefika!"

"Nimefika."

"Ghorofa ya tisa?"

"Si unaniona?"

"Mtu asiyeweza kutembea," akasema Bwana Pazi, na uso wake ukajaa huzuni ya kikazi, "hawezi kufika ghorofa ya tisa. Hongera sana. Umepona. Posho imefutwa."

"Nisingefika?"

"Usingefika tungekufuta kwa kutohudhuria."

Sikitu hakulia mbele yake. Alishuka mgongoni kwa mbebaji yule yule, akatozwa tena. Watu husahau kwamba kuna kushuka pia.

Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. Kwanza aliuza feni yake. Kisha akaanza kuchemsha mipira ya mkojo kwenye sufuria na kuitumia tena na tena, mpira wa siku moja ukatumika wiki, na homa ya mkojo ikamkamata ikamtikisa mpaka meno yanagongana. Dawa za homa zikala fedha za Zaituni. Zaituni alifanya kazi bila mshahara kwa muda. Mwishowe mwenye nyumba wa Zaituni akamtolea vyombo nje.

"Dada," Zaituni akasema, amesimama mlangoni, hawezi kumtazama, "nimepata kazi ya kufua upande wa pili wa mji. Kesho sitakuja."

"Nenda," Sikitu akamwambia. "Mimi ningekwenda zamani."

Kesho yake Sikitu alibaki kitandani. Hakuna aliyemwinua, hakuna aliyemgeuza. Kibofu kilijaa hadi mkojo ukafurika wenyewe, ukalowesha shuka, shuka ikalowesha kidonda. Kiti kilikuwa hatua mbili kutoka kitandani. Alisikia watu wakipita nje wakicheka, wakibishana bei ya nyanya. Jioni Zaituni, ambaye roho ilikuwa imemkataza kufua, alirudi mbio akamkuta anatazama dari.

Hakumkuta analia. Aliniambia mwenyewe, mimi msimulizi, kwamba lile ndilo lililomtisha.

"Dada, unawaza nini?"

"Naomba Mungu," Sikitu akasema, "anipe afya niwaone siku moja wamelala pasipo mtu wa kuwageuza."

Si dua nzuri. Mimi naitaja tu kwa kuwa ilisemwa.

*

Kisha wafadhili wakatangaza ziara. Hawa ni watu wa nchi za mbali wanaotupa fedha za huruma, na walitaka kuona huruma yao imefikia wapi. Mheshimiwa Makanyaga akapata wazo ambalo mimi nililiona la kishairi. Wafadhili na wananchi wangeketi ukumbi wa chini. Yeye angeingia kwenye lifti ghorofa ya tisa na kushuka akihutubia, na kipaza sauti cha ndani ya lifti kingeunganishwa na spika za ukumbini, sauti yake ishuke polepole kama mvua ya neema, halafu mlango ufunguke.

Tatizo lilikuwa lifti. Mafundi wote wa mji walikataa kuingia katika shimo lile. Ikabidi dereva wa Waziri aende kwa Sikitu.

Sikitu akakubali. Hata mimi nilishangaa. Alisema atatengeneza akiwa chini, katika chumba kidogo kando ya ukumbi kulikokuwa na mitambo ya kuongozea, na kwamba serikali ilete waya mpya. Bwana Kisanga akaleta waya mpya. Sikitu aliupitisha mkononi, rangi ikamganda vidoleni. Chini ya rangi akakuta mahali palipoungwa. Alipatazama pale mahali muda mrefu.

Akazikaza breki za dharura, zile zinazobana reli mzigo ukizidi, akazikaza kwa mikono yake hadi akaridhika kwamba lifti ile inaweza kukwama lakini haiwezi kuanguka. Kisha akamwambia Waziri mbele za watu, "Mheshimiwa, watu wanne. Wakizidi, itakwama."

"Watu wanne ni kwa wananchi," Waziri akasema. "Viongozi hatuna uzito, tuna hadhi."

"Na malipo yangu?"

"Baada ya uthibitisho."

*

Siku ya ziara waliingia humo Waziri, Bwana Pazi, Bwana Kisanga, manaibu watatu wanene, mpiga picha, na keki yenye umbo la kiti cha magurudumu. Ukumbi ulijaa. Wafadhili wameketi mbele, mkalimani kando yao. Spika zikakoroma, sauti ikaanza kushuka.

"Ndugu wananchi! Mtu mwenye ulemavu ni kama yai, na serikali yenu ni kuku..."

Kukasikika mlio wa chuma kubana chuma. Kisha kimya. Kisha sauti ya Waziri, bado spikani, "Nini hii?"

Sikitu alikuwa katika chumba chake, mlango wazi, kila mtu anamwona. Kando yake palikuwa na mkono mrefu wa chuma wa kuishushia lifti, unaozungushwa kama wa kisima. Alibonyeza kitufe cha kuongea na lifti, akakohoa.

"Wizara ya Huruma, karibu. Nikusaidie nini?"

"Sikitu! Tumekwama!"

"Pole sana, Mheshimiwa. Mnao uthibitisho?"

"Uthibitisho wa nini?"

"Kwamba mmekwama. Mimi nasikia sauti tu. Pandeni ghorofa ya tisa, mthibitishwe na mkurugenzi, kisha mnijie."

"Tutapandaje na tumekwama? Na mkurugenzi tunaye humu!"

"Ah," Sikitu akasema kwa masikitiko, "kama ofisini hayupo, itabidi mngoje arudi."

Ukumbi ulikuwa umeanza kucheka, kwa hofu kwanza, mikono midomoni. Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, maskini, alikuwa hajaambiwa aache.

Waliachwa humo. Joto likapanda. Keki ikayeyuka. Baada ya muda spika zikatoa sauti nyembamba, ya Bwana Pazi. "Dada Sikitu, samahani. Mimi nina mkojo."

"Mpira wa mkojo upo, Bwana Pazi. Ila una kodi ya michezo. Unachezea timu gani?"

"Dada, nakuomba, mimi ni mgonjwa wa sukari!"

Nilimwona Sikitu akishika ule mkono wa chuma. Nathibitisha kwamba aliushika. Kisha akauachia.

"Mimi pia nilikuwa mgonjwa, ulinipa hongera."

Tulisikia maji. Tulisikia manaibu watatu wakipiga kelele na kukanyagana. Halafu tukasikia Waziri akimgeukia shemeji yake, na hapo ukumbi wote ukanyamaza.

"Kisanga, mjinga wewe, umeniwekea waya gani?"

"Shemeji, si uliniambia nisinunue?"

"Nilisema usinunue wa bei! Huu ni upi?"

"Ni ule ule uliomvunja huyu mwanamke. Niliunga, nikapaka rangi. Nusu ya fedha si nilikuletea nyumbani? Ulizihesabu mwenyewe!"

Mkalimani akatafsiri. Mfadhili mmoja akafunga begi lake.

Waziri akakumbuka kipaza sauti. Akaanza kuahidi. Aliahidi kufuta kodi ya viti, aliahidi mipira bure, aliahidi nyumba zisizo na ngazi na barabara itakayopewa jina la Sikitu.

"Mheshimiwa," Sikitu akasema, "ahadi haiingii kwenye kibofu. Nataka posho yangu yote mliyonikata, malipo ya lifti hii ya leo, na mshahara wa Zaituni wa miezi aliyofanya kazi bure. Hapa, mkononi."

Mhasibu wa wizara, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hapatikani kwa sababu yuko safarini, akapatikana safu ya pili. Fedha zikaletwa. Sikitu akampa Zaituni zake mbele za watu wote. Kisha akauchomoa ule mkono wa chuma, akaupakata mapajani.

"Haya tushushe!" Waziri akapiga kelele.

"Nina kidonda, Mheshimiwa. Siruhusiwi kukaa muda mrefu, nitalala nigeuzwe. Nitarudi kesho asubuhi."

"Kesho? Tutalalaje humu?"

"Nilipolala siku nzima kwenye mkojo wangu, kiti kilikuwa hatua mbili. Ninyi miguu mnayo. Geukeni."

Zaituni akausukuma mlango, wakatoka. Kamanda wa polisi alikuwapo na alitaka sana kumkamata, lakini amri ya kukamata katika jengo la wizara hutolewa na Waziri kwa maandishi, na kalamu haikuweza kumfikia Waziri ndani ya lifti. Wananchi hawakuondoka. Walikaa ukumbini wakisikiliza, wengine wakaleta mihogo.

*

Asubuhi alirudi kama alivyosema, ameoga, amejitanda khanga safi. Akazungusha mkono wa chuma taratibu mpaka mlango ukafunguka. Siwezi kueleza harufu. Walitoka mmoja mmoja, wamepakwa keki na mambo mengine, na hakuna aliyewapigia makofi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nchi yetu.

Mtukufu Kiongozi alikasirika sana. Si kwa wizi, maana wizi una taratibu zake, bali kwa kusikika. Kisanga alikimbilia nchi za nje. Pazi alihamishiwa Nyumba ya Upole, kuwahesabu marehemu. Sikitu alishitakiwa kwa kosa la Kuchelewesha Viongozi, lakini mahakama iko ghorofa ya pili na haina lifti. Akapeleka ujumbe kwamba yuko tayari kuhukumiwa pindi fundi mzuri atakapopatikana. Kesi inaahirishwa hadi leo.

Makanyaga alifukuzwa uwaziri, gari likachukuliwa, nyumba ikachukuliwa. Mtukufu akamwambia, "Nitakufikiria tena siku mwanamke yule atakapokusamehe hadharani."

Kwa hiyo asubuhi moja akafika kwa Sikitu kwa miguu, kofia mkononi. Nilikuwapo, nimepeleka pasi yangu itengenezwe. Sikitu alikuwa ameinamia redio. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

"Mama," Makanyaga akasema, "nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea sana. Chochote utakachosema, nitafanya."

Sikitu akaweka bisibisi chini. Akamtazama kuanzia viatu hadi usoni. Kisha akaonyesha mfuko wa mkojo ulioning'inia chini ya kiti chake, umejaa, una joto.

"Zaituni amekwenda sokoni," akasema. "Kaumwage."

Makanyaga alipiga magoti. Alihangaika na kile kibanio kidogo cha plastiki, akalowa vidole. Akautoa mfuko, akaubeba kwa mikono miwili akivuka ua, watoto wa jirani wakimtazama, akaenda chooni, akaumwaga, akausuuza, akarudi akaufunga mahali pake.

"Umenisamehe, mama?"

"Njoo kesho. Uje mapema, huwa unajaa alfajiri."

Anakuja. Imekuwa miezi sasa. Juzi Zaituni alimuuliza Sikitu, mimi nikisikia, "Dada, hivi utamsamehe lini huyu mtu?"

Sikitu akakaza skrubu ya redio, akajaribu sauti, ikatoka.

"Sijui," akasema. "Anamwaga vizuri."